Watemi, Wajumbe na Hesabu ya Viti: Usukuma na Unguja, 1926–1965

Mwezi wa Julai 1958 watu wa wilaya ya Geita, magharibi ya Ghuba ya Mwanza, walikataa baraza. Manung'uniko walikuwa nayo mengi tangu siku nyingi: amri za kilimo, amri za mifugo, ushuru huu na ushuru ule. Lakini safari hiyo hawakusimama juu ya amri moja wakaomba ipunguzwe. Walilikataa baraza lenyewe, kwa sababu ya jinsi lilivyoundwa na jinsi wajumbe wake walivyopata viti vyao. Walikusanyika makao makuu ya wilaya, na waliposhindwa kupata jibu la kuwaridhisha, maelfu yao walishika njia ya kwenda Mwanza ili madai yao yafike kwa wakuu wa jimbo. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya moshi wa machozi, na wengine walitiwa nguvuni. Baraza, hata hivyo, halikusimama tena.

Tukio hili aghalabu husimuliwa kwa maneno machache, kama mmojawapo wa misukosuko iliyotangulia uhuru wa Tanganyika. Lastahili zaidi ya hayo. Wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe waliokusanyika Geita walikuwa wameuliza swali ambalo wataalamu wa katiba walikuwa wakilijibu juu ya karatasi katika Dar es Salaam, Unguja na London: mjumbe wa baraza hupata wapi haki ya kukaa barazani, na nani ana haki ya kumwondoa? Sehemu ya kwanza ya swali hilo waundaji wa serikali za Afrika ya Mashariki waliishughulikia sana. Sehemu ya pili waliigusa kwa ncha ya kidole tu, na taabu nyingi za miaka ile zilitokea hapo.

Usukuma wa kale haukuwa na mfalme mmoja. Ulikuwa na tawala nyingi, zaidi ya 50 kwa hesabu ya wakati wa Waingereza, nyingine zenye watu makumi ya maelfu, na nyingine ndogo kiasi cha mtu kuweza kuzivuka kwa miguu kati ya asubuhi na jioni. Kila moja ilikuwa na mtemi wake. Jina hilo wenyeji hulinasibisha na kutema, yaani kukata: kukata msitu wa nchi mpya, au kukata shauri. Mtemi alichaguliwa na wazee wa ikulu katika ukoo wenye haki, na kwa desturi ya zamani urithi ulipita kwa mtoto wa dada, si kwa mwana wa mtemi mwenyewe. Kwa hiyo hapakuwa na kijana aliyekua akijua kwa yakini kwamba kiti ni chake. Wazee walikuwa na nafasi ya kupima wapwa na kumchagua mmoja. (Neno ikulu, ambalo leo ni jina la nyumba ya Rais wa Jamhuri, lilitoka katika lugha za huko Unyamwezi na Usukuma, ni moja katika maneno machache ya utawala ambayo Kiswahili hakikuyapokea kutoka pwani wala ng'ambo.)

Chini ya mtemi walikuwako wanangwa, wakuu wa vijiji. Pembeni ya wanangwa walikuwako banamhala, yaani wazee wa kijiji, na nsumba ntale, mkuu wa vijana, ambaye vijana wenzake walimchagua kusimamia kazi za pamoja za kulima na kujenga. Hawa wawili hawakuwa watumishi wa mtemi. Mwanangwa asiyepatana nao alitoa amri ambazo hazikutendeka. Tena, raia wa Kisukuma alikuwa na silaha moja kubwa kuliko zote, nayo ni kuhama. Ardhi ilikuwa tele, na mtemi aliyehamwa na watu wake alibaki kuwa mtemi wa nyasi.

Zaidi ya hayo mtemi aliweza kuondolewa. Mvua ilipokatika mwaka baada ya mwaka, au balaa ilipoiandama nchi, wazee walimvua utemi wakamweka mwingine. Msomaji wa leo huenda akaicheka sababu ya mvua, akauliza mtemi ana hatia gani mawingu yakipita. Lakini yafaa kuangalia kazi ambayo sababu hiyo iliifanya. Mtemi mkali, mtemi mwenye choyo, mtemi aliyewachosha wazee kwa ukaidi, mvua yake ilichunguzwa kwa makini kuliko mvua ya mtemi mwema. Desturi ilikuwa imewapa watu neno la heshima la kusema jambo zito, yaani kwamba huyu hatumtaki tena, bila kuivunja nchi yenyewe. Hapana haja ya kuupamba utawala huo. Ulikuwa na ushirikina wake na dhuluma zake, na wanawake hawakuwa na sauti kubwa ndani yake. Ila mlango wa kutokea ulikuwapo, na watu waliujua.

Utawala wa Waingereza uliufunga mlango huo, na ulifanya hivyo kwa nia ya kuwatukuza watemi. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alitia nguvu sheria ya mamlaka ya wenyeji, ambayo kwayo watemi walikuwa chombo cha kutawalia: wakaendesha mahakama, wakakusanya kodi, wakawa na hazina na mishahara. Mtemi akapata heshima iliyoandikwa. Lakini mtu ambaye mshahara wake hutoka bomani hutazama bomani. Kumwondoa mtemi kukawa shauri la Mkuu wa Wilaya na Gavana, wala si la wazee, na mvua ikatoka katika hesabu. Taratibu urithi wa mtoto wa dada nao ukaacha nafasi kwa urithi wa mwana, ambao wakuu wa Kiingereza waliuona kuwa ndio wa kawaida.

Mwaka huo huo wa 1926 Cameron alifungua Dar es Salaam Baraza la Kutunga Sheria. Lilikuwa na maofisa 13 wa serikali na wajumbe wasio maofisa, Wazungu na Wahindi, walioteuliwa na Gavana. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Hoja ilikuwa kwamba maslahi ya Waafrika yatasemwa na Gavana mwenyewe na wasaidizi wake. Ng'ambo ya bahari Unguja nayo ilipata Baraza lake la Kutunga Sheria mwaka huo, chini ya Sultani na Mwakilishi Mkazi wa Uingereza, kwa mfano ule ule: maofisa wengi, na wateule wachache waliohesabiwa kwa asili zao. Mabaraza haya mawili ni pacha. Yalizaliwa mwaka mmoja, yakalelewa kwa kanuni moja, na kila moja lilikaa karibu miaka 20 bila Mwafrika. Katika Tanganyika Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945, na Unguja mwaka uliofuata.

Mmoja wa wale wawili wa kwanza wa Tanganyika alitoka Shinyanga. Alikuwa Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiha. Mwenzake alikuwa Abdiel Shangali wa Machame, Kilimanjaro. Kidaha alikuwa kijana, aliyesoma Tabora na Makerere na kupata kukaa Oxford, na kwa elimu na adabu yake hapana aliyeweza kusema kwamba kiti hakikumfaa. Miaka michache baadaye Waafrika barazani wakawa wanne: Kidaha, Abdiel, Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe, na Juma Mwindadi, mwalimu. Watatu kati ya wanne walikuwa watemi au machifu. Serikali iliona kwamba hao ndio wasemaji wa asili wa watu wao, na yamkini iliamini hivyo kwa moyo safi.

Kidaha alipanda ngazi upesi. Alikuwa miongoni mwa wajumbe wa kamati iliyofikiria katiba ya nchi kuanzia mwaka 1949. Mwaka 1951 aliingia katika Baraza la Utendaji, Mwafrika wa kwanza kukaa humo. Mwaka 1953 aliteuliwa katika Tume ya Kifalme iliyochunguza mambo ya ardhi na wingi wa watu katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1954 aliacha utemi, na nduguye Hussein akaushika. Ukizitazama ngazi hizo moja baada ya moja, kila moja ni sifa. Ukizitazama pamoja, kila moja inampeleka mbali zaidi na Busiha. Watu wa Shinyanga hawakumpigia kura hata siku moja, na kwa sababu hiyo hawakuwa na njia ya kumwambia, kwa heshima na bila ugomvi, kwamba kamati aliyokaa ndani yake imekubali jambo wasilolipenda.

Jambo hilo lilikuwa hesabu ya viti. Kamati ilipendekeza, na mwaka 1955 ikawa hivyo, kwamba upande wa wajumbe wasio wa serikali uwe na watu 30: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Upande wa serikali ulikuwa na 31. Waafrika wa Tanganyika wakati huo walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu takribani 20,000. Usukuma peke yake ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja. Waliotetea usawa huo wa viti walisema kwamba hupimwa si vichwa tu bali pia mali, elimu na ujuzi wa kazi za serikali. Hoja hiyo ina mantiki yake, nayo haikuwa ngeni hata Ulaya ya karne iliyotangulia; ila mtu anayekubali kupimwa kwa mali sharti aulizwe kwanza nani ameshika mizani.

Mali ya nchi ile haikuwa ndogo. Karibu na mji wa Shinyanga, mahali paitwapo Mwadui, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aligundua mwaka 1940 mwamba wa almasi ulio miongoni mwa mikubwa ya dunia. Geita, ambako Wajerumani walikuwa wamekwisha kuona dhahabu tangu mwaka 1898, palikuwa na mgodi uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Madini yote yalikuwa shauri la serikali kuu na wenye leseni. Hazina ya mtemi ilihesabu kodi ya kichwa na faini za mahakama, si almasi wala dhahabu. I. C. Chopra, wakili wa Mwanza na mshirika wa Williamson, alipata kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Kwa hiyo almasi ilikuwa na msemaji wake barazani, kwa njia moja au nyingine, kabla mchimbaji na mkulima hawajapata wa kwao.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilijaribu kuziunganisha tawala za Kisukuma katika shirikisho moja lenye makao Malya, katika Kwimba. Watemi wa Mwanza, Kwimba, Maswa, Shinyanga na Geita wakawa wanakutana huko, jambo ambalo babu zao hawakuliona. Malya pangaliweza kuwa bunge la Wasukuma. Watu walikuwa wakutosha, lugha ilikuwa moja, na mambo ya kujadili yalikuwa mengi. Lakini shirikisho lilizaliwa pamoja na mpango mkubwa wa maendeleo wa miaka ile ya 1947 na kuendelea, na likawa mhuri wake. Amri zilitungwa na wataalamu na kutolewa kwa jina la watemi: kulima kwa matuta ya kuzuia maji, kupunguza ng'ombe, kuogesha ng'ombe, kulima ekari kadha wa kadha za muhogo. Baadhi ya amri hizo zilikuwa njema; udongo wa Usukuma ulikuwa unachoka, na hata leo hapana asiyejua faida ya matuta. Lakini mkulima aliyepigwa faini hakuonana na mtaalamu. Alionana na mwanangwa, na nyuma ya mwanangwa alimwona mtemi, na hakuona tena pa kumshtakia mtemi. Hans Cory, mchunguzi wa mila aliyekuwa katika kazi ya serikali, aliandika mwaka 1954 juu ya utawala wa asili wa Wasukuma na jinsi ya kuurekebisha, akaonyesha kwamba jamii ya kijijini ilikuwa na watu wa kuiwakilisha. Wajumbe wa watu wa kawaida walikwisha kuanza kuingizwa katika mabaraza. Ila waliingizwa kama wageni katika nyumba ya mwingine.

Basi watu walijitafutia mabaraza mengine. Katika Jimbo la Ziwa Chama cha Waafrika wa Tanganyika kilikuwa na nguvu kuliko karibu mahali pengine pote. Katibu wake alikuwa Saadani Abdul Kandoro, ambaye wasomaji wa mashairi ya Kiswahili wanamjua kwa kazi nyingine. Wakulima wa pamba nao walianzisha vyama vya ushirika chini ya Paul Bomani ili kuupata mzani mikononi mwao. Neno mzani hapa si mfano: ugomvi ulianza na mizani ya wanunuzi wa pamba, ambayo wakulima waliamini inawapunja. Katika vyama hivyo vya msingi mkulima alimchagua mwenyekiti, alisomewa hesabu, na mwaka ulipokwisha aliweza kumchagua mwingine. Ni kusema kwamba Wasukuma walijifunza kazi ya bunge ghalani mwa pamba.

TANU ilipozaliwa Julai 1954 serikali iliingiwa na hofu na nguvu zake huko, ikakataa kuandikisha matawi yake katika Usukuma mpaka mwaka 1958. Kwa muda wa miaka hiyo minne sehemu yenye watu wengi kuliko zote katika Tanganyika haikuwa na chama cha siasa kilichoruhusiwa. Ndipo serikali ilipochagua wakati huo huo kuleta mabaraza mapya.

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1953 iliruhusu mabaraza ya mseto, yaani yenye watu wa rangi zote, hata katika wilaya za mashambani. Kwa kuisoma sheria tu mtu aweza kuisifu: ilizungumza habari ya ushirikiano na kuondoa ubaguzi. Lakini katika wilaya kama Geita Wazungu na Waasia walikuwa wachache mno, watu wa mgodi, wa misheni na wa maduka, na kuwapa viti katika baraza la wilaya kulikuwa na maana moja tu kwa mkulima: usawa ule wa 10 kwa 10 kwa 10 umeondoka Dar es Salaam umefika kijijini. Kama leo wamepewa viti barazani, kesho watapewa nini katika ardhi? Hofu hiyo pengine ilizidi kiasi. Lakini ilitokana na mambo yaliyokuwa yakionekana kwa macho.

Kwa nini Geita, wala si Shinyanga au Kwimba? Jibu liko katika historia ya kuhama. Geita ilikuwa nchi ya Wazinza, yenye tawala za zamani kama Buchosa, Karumo na Busambiro, na sehemu zake nyingi zilikuwa pori la mbung'o. Mpango wa maendeleo ulisafisha pori na kuwahamishia humo Wasukuma waliobanana mashariki ya ghuba. Wakaja kwa maelfu na ng'ombe wao. Hao walikuwa watu wenye bidii, waliokwisha kutumia silaha ya kuhama mara moja, nao walijikuta chini ya watemi ambao hawakuwa wa ukoo wao, hawakuwekwa na wazee wao, na hawakuwa na deni lolote kwao. Utii wa desturi, ambao katika Shinyanga bado ulimfunika mtemi kama mwavuli hata alipokosea, Geita haukuwapo. Kulibaki amri tupu. Watemi wa huko waliposimama upande wa serikali juu ya baraza la mseto, hawakuwa na akiba ya heshima ya kutumia.

Ghasia zilipokwisha serikali haikusema kwamba imeshindwa. Serikali hazina desturi hiyo. Lakini Geita haikulazimishwa baraza lile, na haukupita muda mrefu siasa ya kulazimisha mseto katika mabaraza ya wilaya ikaachwa katika nchi nzima. Gavana Richard Turnbull, aliyefika mwezi ule ule wa Julai, alitangaza Oktoba 1958 katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba nchi itakapojitawala, baraza na serikali vitakuwa na Waafrika walio wengi. Sababu za badiliko hilo zilikuwa nyingi, na kubwa ni nguvu ya TANU nchini pote. Walakini haielekei kudhani kwamba Gavana mpya, katika majuma yake ya kwanza, aliipokea habari ya Geita kama habari ya mbali.

Hapo ndipo inapofaa kuvuka bahari tukamtazama yule pacha wa pili. Unguja haikuwa na Geita yake mwaka 1958, na kwa juu juu mambo yake yalikwenda vizuri zaidi. Julai 1957 kisiwa kilifanya uchaguzi wa kwanza, wa viti sita tu. Januari 1961 viti vilikuwa 22, na Afro-Shirazi ikapata 10, Chama cha Hizbu 9, na chama cha Mohamed Shamte 3. Wajumbe wa Shamte wakagawanyika, na serikali ikashindwa kusimama. Kiti kimoja kikaongezwa, uchaguzi ukarudiwa Juni, na siku ya kura yakazuka machafuko yaliyoua watu 68. Bado umbo la bunge liliendelea kujengwa kwa ustadi. Lilipokamilika lilikuwa na kila kiungo ambacho kitabu cha katiba ya Kiingereza hukitaka. Juu alikuwa Sultani, Jamshid bin Abdullah, mkuu wa dola asiyetawala mwenyewe. Chini yake Waziri Mkuu, Shamte, na mawaziri waliopaswa kujibu mbele ya Baraza la Taifa. Baraza lilikuwa na wajumbe 31, kila mmoja wa jimbo lake, na upande wa pili wa ukumbi ulikaliwa na upinzani. Kwa nchi ya visiwa viwili vyenye watu wapatao laki tatu lilikuwa bunge kamili kabisa.

Kasoro ilikuwa katika hesabu. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata kura zaidi ya asilimia 54, na viti 13. Hizbu na washirika wake walipata kura chache kuliko hizo, na viti 18. Hapana haja ya kudai kwamba kura ziliibwa ili kueleza tofauti hiyo; kura za Afro-Shirazi zililundikana katika majimbo machache ya Unguja, ambako ilishinda kwa wingi mkubwa, na za wenzao zilitandazwa vema, hasa Pemba. Kanuni ilifuatwa. Mtu wa Ng'ambo aliyeona kwamba walio wengi wameshindwa hakujali kanuni. Alijua kwamba kwa njia ya kura amekwisha kufanya yote ayawezayo, na mlango haukufunguka. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 serikali ilipinduliwa. Bunge lile liliishi siku 33. Watu wengi waliuawa, na visiwa vikakaa chini ya Baraza la Mapinduzi mpaka lilipoanzishwa Baraza la Wawakilishi mwaka 1980.

Si haki kusema kwamba hesabu ya viti peke yake ilileta mapinduzi. Kulikuwa na ardhi, na kumbukumbu ya utumwa, na polisi waliofukuzwa kazi, na mengine mengi. Wala Geita na Unguja si mizani sawa: Geita waliangusha baraza la wilaya, Unguja dola. Lakini mkulima wa Geita na mchukuzi wa Ng'ambo walikuwa wamesimama mbele ya jambo la namna moja. Kila mmoja aliambiwa kwamba baraza ni lake, akahesabu viti, akaona si lake, akatafuta njia ya kuwaondoa waliomo, asiione. Geita waliponea katika jambo moja: waliokataliwa wangeweza kuondolewa na Dar es Salaam, na Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuona ni heri iwaondoe. Unguja baada ya Desemba 1963 hapakuwa na mwingine wa juu wa kulivunja baraza kwa amani.

Bara mambo yalikwenda kasi. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi, na hakuruhusiwa kupiga kura asipokuwa na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. TANU ilikubali masharti hayo kwa shingo upande katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, ikashinda. Mwaka 1960 ilipata viti 70 katika 71. Ushindi huo husifiwa, na ni haki usifiwe. Lakini katika viti hivyo 71, wajumbe 58 walipita bila kupingwa. Watu wengi wa Tanganyika, pamoja na wengi wa Shinyanga na Geita, waliingia katika uhuru wa Desemba 1961 bila kumpigia kura mjumbe wao wa Bunge. Mlango wa kuingia ulikuwa umepanuliwa hata ukabaki bila mlinzi, na ule wa kutoka ulikuwa bado.

Mwanzoni mwa mwaka 1963 utemi uliondolewa katika serikali. Tawala zaidi ya 50 za Usukuma, zilizohesabu watemi wao kwa vizazi, zilikwisha kazi kwa sheria fupi, na ajabu ni kimya kilichofuata. Katika nchi ambayo miaka mitano nyuma maelfu waliandamana kwa ajili ya baraza, hapakutokea maandamano ya kumlilia mtemi. Jibu la kimya hicho lilikwisha kutolewa mwaka 1926. Mtemi aliyekufa mwaka 1963 alikuwa mtumishi wa serikali. Yule aliyeweza kuvuliwa na wazee alikwisha kufa zamani, na waliomlilia walikwisha kumlilia.

Septemba 1965, chini ya katiba ya chama kimoja, Tanzania bara ilifanya uchaguzi wa namna mpya. Katika majimbo mengi wagombea wawili wa chama kile kile walisimamishwa mbele ya watu, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na masharti ya kipato na elimu kwa mpiga kura yalikuwa yameondolewa. Wengi waliotazama kwa mbali walidhani ni mchezo, kwa kuwa chama kilikuwa na hakika ya kushinda. Wapiga kura hawakudhani hivyo. Waliwaangusha wajumbe wengi waliokuwa Bungeni, na mawaziri pamoja nao. Miongoni mwa walioanguka alikuwa Waziri wa Fedha, Paul Bomani, yule yule aliyewakusanya wakulima wa pamba juu ya mizani miaka kumi na zaidi iliyopita, na ambaye walimheshimu, na ambaye hakuna aliyesema kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaa mbali muda mrefu, katika shughuli za Dar es Salaam. Watu wa jimbo lake walimwita, wakamtazama, wakachagua mwingine, wakarudi mashambani, na hapakurushwa bomu la machozi hata moja.

Bomani hakukaa nje. Katika serikali iliyoundwa baada ya uchaguzi huo alipewa wizara ya mambo ya uchumi na mipango, na kiti cha Bungeni alikipata kwa njia nyingine, isiyopitia kwa wapiga kura wa jimbo lake.